Kabla ya Kununua Chombo Kilichotumika: Soma Vyeti, Kisha Soma Mbao

Jibondo ni kisiwa cha mwamba wa matumbawe, na gari la mkazi wa Jibondo ni chombo chake. Mashua ndiyo iletayo maji pindi mvua zinapochelewa na matangi kukauka. Mashua ndiyo imchukuayo mgonjwa kwenda Kilindoni, nayo ndiyo ipelekayo mwani, pweza na samaki sokoni na kurudi na unga, sukari na mabati. Kwa hiyo mwananchi wa hapa akisema ameweka akiba ili anunue usafiri, majirani hawamwulizi utakuwa wa magurudumu mangapi.

Kisiwa hiki kina sifa ya muda mrefu ya kuunda majahazi na mashua, na mafundi wake wanafahamika mbali na pwani yao. Huenda mtu akauliza, basi, kuna haja gani ya kuwafundisha watu wa Jibondo kununua chombo? Haja ipo, na sababu yake ni moja. Mara nyingi anayezijua mbao hazisomi karatasi, na anayezisoma karatasi hazijui mbao. Mzee aliyeunda vyombo maisha yake yote atagonga ubavu kwa nyundo na kutambua palipooza, lakini hatauliza cheti cha ukaguzi cha mwaka gani hakipo. Kijana aliyemaliza kidato cha nne atavisoma vyeti vyote hadi mihuri, lakini atapita juu ya ubao uliolainika asijue anakanyaga nini. Chombo kilichotumika kinahitaji wasomaji hao wawili kwa siku moja.

Hasara ya kukosea ni kubwa. Wengi hununua chombo kikuukuu kwa akiba ya miaka, na wengine kwa mkopo wa kikundi unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri, yaani asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Chombo kikizama, marejesho ya mkopo hayazami nacho. Na hapo bado hazijahesabiwa roho za watu.

Cheti ni habari ya siku moja

Nchini Uingereza kila gari lililofikia umri wa miaka mitatu hupimwa usalama wake kila mwaka, kwa utaratibu ulioanza mwaka 1960 na unaojulikana kwa herufi MOT. Leo mtu yeyote anayetaka kununua gari kuukuu huko huingiza namba ya usajili katika mtandao wa serikali na kuonyeshwa bure matokeo ya vipimo tangu mwaka 2005. Huona lini gari lilifaulu, lini lilishindwa, lilishindwa kwa kosa gani, na lilikuwa limetembea umbali gani. Wanunuzi wenye uzoefu hawavutwi sana na neno "limefaulu" la mwaka huu. Hutafuta mahali liliposhindwa na kuuliza kama kasoro ile ilitengenezwa au ilifichwa. Magari mengi yanayokuja Tanzania kutoka Japani nayo yamepitia ukaguzi wa kwao, na cheti chake huandikwa kilometa zilizosomwa siku ya ukaguzi. Mkazi anayekusudia kununua gari Kilindoni au Dar es Salaam hana budi kudai karatasi hizo na kuzilinganisha na kinachosomeka kwenye dashibodi.

Kwa mashua ya Jibondo, mnunuzi hana mtandao wa kumwonyesha mambo hayo kwa kubonyeza namba. Historia ipo, lakini imetawanyika. Sehemu yake imo katika bahasha ya muuzaji, nyingine katika ofisi za serikali, nyingine katika kumbukumbu za watu waliosafiri na chombo hicho, na iliyobaki imo katika mbao zenyewe. Kazi ya mnunuzi ni kuikusanya.

Zianze karatasi. Kwa Tanzania Bara, usalama na ukaguzi wa vyombo vya majini ni jukumu la Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, lililoanza kazi mwaka 2018. Kabla ya hapo jukumu hilo lilikuwa la SUMATRA. Jambo hili linaonekana dogo, lakini lina faida kwa mnunuzi. Mashua yenye umri mkubwa itakuwa na vyeti vya zamani vyenye nembo ya SUMATRA, na hilo si kosa wala dalili ya kughushi. Lakini cheti kinachodaiwa kutolewa mwaka 2021 kikiwa na nembo hiyo hiyo ni cha kutiliwa shaka papo hapo, kwa kuwa SUMATRA ilikuwa imekwisha kufutwa. Chombo cha uvuvi hupita pia mikononi mwa watumishi wa uvuvi. Kinatakiwa kusajiliwa kwa shughuli hiyo na kukatiwa leseni kila mwaka, na kwa vyombo vidogo leseni hiyo hutolewa na Halmashauri.

Karatasi zote zitandazwe juu ya mkeka kwa kufuata miaka, ya zamani kushoto na ya karibuni kulia, kisha mnunuzi atazame pengo liko wapi. Utandazaji huu huchukua robo saa, nao hufichua mengi kuliko maswali ya siku nzima.

Uchukuliwe mfano, ambao umetungwa kwa ajili ya somo hili. Kikundi cha vijana watano kinataka mashua ya kuvulia. Wanaoneshwa moja pwani ya Kilindoni, imepakwa rangi ya buluu inayong'aa, na bei yake inavutia. Muuzaji, mzee mwenye heshima zake, anatoa cheti cha ukaguzi cha mwaka jana, na wanne kati ya vijana wanaridhika. Wa tano anasema kwa adabu, "Mzee, shikamoo tena, tunaomba na vya nyuma." Bahasha inafunguliwa. Kuna vyeti vya mwaka 2016, 2017 na 2018, kisha hakuna kitu hadi 2022. Miaka mitatu haipo.

Pengo kama hilo lina maelezo zaidi ya moja. Huenda chombo kilipandishwa pwani kwa kukosa fedha ya matengenezo, na hilo si aibu. Huenda kiliendelea kufanya kazi bila kukaguliwa, na hapo ni lazima kujiuliza mwenye chombo alikuwa anakwepa kuonwa nini. Huenda kiligonga mwamba. Huenda kilikamatwa. Huenda cheti kililiwa na panya, jambo linalotokea visiwani zaidi ya maofisa wanavyopenda kukubali. Pengo halithibitishi ubaya wowote, ila linampa mnunuzi swali la kuuliza, na jibu lake linapaswa kulingana na majibu ya watu wengine wawili au watatu wasiokuwa na faida katika mauzo.

Baada ya mapengo yatazamwe mabadiliko. Je, jina la chombo na namba ya usajili ni zile zile katika kila karatasi, na ndizo zilizoandikwa omoni? Urefu je? Ikiwa cheti cha mwaka 2018 kinasema mita 9 na cha 2022 kinasema mita 10, basi ama chombo kimeundwa upya, ama karatasi hizo ni za vyombo viwili. Injini iliyotajwa ni ya nguvu gani? Chombo kilichokaguliwa kikiwa na injini ya nguvu za farasi 15 na sasa kimebebeshwa ya 40 hakijakaguliwa kwa mzigo kilionao. Na idadi ya watu walioruhusiwa kupanda? Iwapo ilikuwa 12 kisha ikashushwa hadi 8, basi kuna kitu mkaguzi alikiona, na mnunuzi hana budi kukijua.

Karatasi yenye thamani kuliko zote huwa ndiyo ambayo muuzaji hapendi kuitoa, nayo ni ile ambayo mkaguzi aliorodhesha kasoro na kuagiza zirekebishwe kabla ya cheti kutolewa. Muuzaji huiona kama doa. Kwa mnunuzi makini ni ramani, maana inamwonyesha mahali pa kuanzia kutazama. Ikiambatana na stakabadhi za mbao, misumari na pamba za wakati ule, pamoja na jina la fundi aliyefanya kazi, ni bora kuliko vyeti vitano visafi visivyosema lolote.

Kivuli cha cheti hakitoshi. Mnunuzi adai cheti halisi, anakili namba zake, kisha aulize katika ofisi iliyokitoa kama namba hizo zinatambulika. Asiyejua pa kuanzia aende kwa Mtendaji wa Kijiji, ambaye atamwelekeza kwa Afisa Uvuvi. Safari hiyo ya kwenda Kilindoni ina gharama yake, lakini ni nafuu kuliko kununua chombo cha wizi.

Vijana wa mfano waliuliza. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mwaka 2019 mashua ilikalia mwamba maji yakipwa, mataruma mawili yakavunjika, naye hakuwa na fedha za kuitengeneza hadi 2021. Fundi aliyeitengeneza yupo hai na anaishi Chole.

Mbao hazina muhuri

Siku ya kutazama chombo iwe ya bamvua, maji yanapokupwa mbali, chombo kikae juu ya mchanga kikiwa kimesimamishwa kwa magadi. Mnunuzi aende na fundi wake mwenyewe. Fundi aliyeletwa na muuzaji ataheshimiwa, atasalimiwa na atasikilizwa, ila asiwe yeye mwenye neno la mwisho. Ujira wa fundi wa mnunuzi ulipwe hata kama chombo hakikununuliwa. Fundi anayejua kwamba atalipwa pale tu biashara itakapokamilika ana sababu ya kutaka ikamilike.

Kuna kosa linalofanywa karibu kila mara. Kwa ukarimu, muuzaji huwahi asubuhi na kufua maji yote ya ngama ili wageni wakute chombo kikavu. Aombwe mapema asifanye hivyo. Maji yaliyobaki ndani ndiyo mkaguzi wa kwanza, kwa sababu bahari ikiondoka nje, yaliyomo ndani hutafuta njia ya kutoka. Mnunuzi azunguke chini ya chombo na kutazama matone yanatokea kwenye bandi ipi, yanatoka kwa kasi gani, na kama yanatoka katikati ya ubao ambako hakuna bandi. Matone ya kwenye bandi ni kazi ya kalafati. Matone ya katikati ya ubao ni habari nyingine.

Kisha fundi aanze na sehemu za chini ambazo rangi haizipambi. Atazame mkuku kwa urefu wake wote kama umenyooka au umepinda, kwa kuwa mkuku uliopinda huvuta kila kitu kilichoushikilia. Atazame ubao unaokutana na mkuku pande zote mbili, kisha hanamu mbele na fashini nyuma, hasa pale panapofungwa usukani. Ncha ya kisu ikisukumwa kwa nguvu ya mkono haipaswi kuzama kwenye mbao nzima. Nyundo nayo ina lugha yake: penye uzima hulia, penye kuoza hunguruma chini chini. Kila fundi wa Jibondo anaijua lugha hiyo, ila si kila mnunuzi huwa na subira ya kumngojea agonge ubao hadi ubao.

Wadudu watoboao mbao baharini wanastahili tahadhari ya peke yake. Tundu lao la nje ni dogo kama la sindano, kwa sababu huingia wakiwa wadogo na kukulia ndani. Ubao unaoonekana una matundu matatu au manne ya kupuuzwa huenda ndani umekuwa sega. Ndiyo maana wazee walishika desturi ya kukipandisha chombo pwani mara kwa mara, kukichoma chini kwa makuti makavu na kukipaka mafuta na deheni. Mnunuzi aulize jambo hilo moja kwa moja: "Mjomba, chombo hiki kilipanda pwani lini mara ya mwisho, na nani alikikalafati?" Anayekitunza chombo chake hujibu kwa mwezi na kwa jina la mtu. Anayejibu kwamba ni juzi juzi tu, aulizwe tena.

Ndani ya chombo adui mkubwa ni maji ya mvua kuliko maji ya bahari. Chumvi huzuia uozo kwa kiasi fulani, lakini mvua ikituama chini ya mataruma na penye pembe zisizopata upepo, mbao hulainika taratibu bila mtu kujua. Chombo kilichokaa pwani miaka mitatu bila paa la makuti, kama kile cha mfano wetu, kitazamwe zaidi hapo. Michirizi ya kutu inayoteremka kutoka kwenye vichwa vya misumari huonyesha kwamba chuma kinakwisha, na taruma lisiloshikwa na msumari ni kuni iliyolala ndani ya mashua. Bati lililopigiliwa lifunuliwe. Saruji iliyomwagwa kando ya mkuku ichukuliwe kuwa inafunika jambo mpaka ithibitike vinginevyo. Inaziba maji kwa msimu mmoja, na chini yake mbao huendelea kuoza zikiwa zimefichika hata kwa mwenye chombo.

Rangi mpya si kosa, na ni kawaida ya muuzaji kutaka bidhaa yake ipendeze. Lakini rangi mpya mahali pamoja tu, huku kwingine kukiwa kumepauka, humwambia fundi aanzie hapo.

Haki ya muuzaji nayo ilindwe. Chombo kilichokaa juani miezi mingi hufunguka bandi. Kikishuliwa, siku ya kwanza huvuja na kumtia mtu hofu, na baada ya siku mbili au tatu mbao zikishakunywa maji hufumba. Kukikataa chombo kwa uvujaji wa siku ya kwanza ni kukidhulumu. Kipewe siku zake majini, kisha kitolewe baharini kwa saa mbili au tatu kikiwa na uzito unaofanana na ule wa kazi, na maji yanayofuliwa yahesabiwe kwa ndoo. Ndoo moja kwa saa na ndoo sita kwa saa haviwezi kuwa na bei moja.

Tanga, foromali na kamba havihitaji maelezo mengi, maana vinaonekana kwa macho na hubadilishwa. Injini inahitaji zaidi kidogo. Ni kitu kinachobebeka begani, kwa hiyo huibika, na namba iliyochapwa juu yake lazima ifanane na ya kwenye stakabadhi. Ikiwa bamba la namba limekwanguliwa, mazungumzo ya injini yaishie hapo. Iwashwe ikiwa baridi. Muuzaji akiwa amekwisha kuipasha moto kabla ya wageni kufika, ingojewe ipoe. Maji ya kupoozea yatoke kwa nguvu, na mafuta ya gia yakionekana meupe kama maziwa, maji ya bahari yamekwisha kuingia ndani.

Kilikaguliwa kwa maji gani?

Tarehe 18 Julai 2012 boti ya MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, katika msimu wa kusi, bahari ikiwa imechafuka, na watu wengi wakapoteza maisha. Nayo ilikuwa chombo kilichotumika. Iliundwa Marekani mwaka 1989 na kwa miaka mingi ikasafirisha abiria katika Puget Sound, jimbo la Washington, ambako maji yamekingwa na ardhi pande nyingi. Huduma yake huko ilikoma mwaka 2009, ikauzwa, na hatimaye ikaletwa huku kwenye mkondo wa bahari ya wazi. Ilikuwa haijatimia hata miezi kumi na moja tangu MV Spice Islander, iliyoundwa mwaka 1967, kuzama usiku wa Septemba 10, 2011 kati ya Unguja na Pemba ikiwa imebeba kupita kiasi chake.

Hizo zilikuwa meli na hii ni mashua, lakini swali ni lile lile. Cheti kisemacho kwamba chombo ni salama kinasema ni salama kwa kazi fulani, mzigo fulani na maji fulani. Mashua iliyotumika miaka kumi ndani ya ghuba ya Chole, ikivuka kwa muda mfupi bahari ikiwa shwari, haijathibitishwa kwa safari za nje ya miamba wakati wa kusi. Mashua iliyokaguliwa kwa uvuvi haijakaguliwa kwa kubeba abiria, hata kama ina nafasi ya kuwakalisha. Wapo wanaonunua chombo cha uvuvi wakiwa na nia ya kukigeuza kuwa cha kuwapeleka wageni kutazama papa potwe. Hao waulize kwanza mabadiliko hayo yanadai nini, katika ukaguzi, katika idadi ya majaketi okozi na katika vibali, kabla ya kukubaliana bei. Mara nyingi gharama ya kukigeuza hukaribia ile ya kukinunua, na jambo hilo hugunduliwa baada ya fedha kwisha.

Kuna swali jingine la matumizi ya nyuma. Sehemu kubwa ya bahari inayoizunguka Jibondo imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995. Chombo kilichowahi kukamatwa kwa uvuvi haramu huenda kikawa na shauri ambalo halijamalizika. Kuuliza kwa watumishi wa Hifadhi, kwa Afisa Uvuvi na kwa BMU ya kijiji kinakotoka chombo kunamwepusha mnunuzi kurithi kesi ya mtu mwingine.

Ni nani anayeuza?

Vyombo vingi vya visiwani ni mali ya zaidi ya mtu mmoja. Baba aliunda, akafariki, akaacha watoto saba, na mmoja wao ndiye nahodha. Huyo nahodha anaweza kuuza kwa nia njema kabisa, kisha baada ya miezi miwili dada zake wakadai mafungu yao, na kwa haki. Mnunuzi ahakikishe warithi wote wamekubali na kutia saini au dole gumba mbele ya Serikali ya Kijiji. Kinamama wasiachwe nje kwa kisingizio kwamba mambo ya bahari ni ya wanaume. Urithi wao uko palepale.

Deni nalo huambatana na chombo. Wavuvi wengi huchukua nyavu, mafuta na fedha kwa tajiri anayenunua samaki wao, na chombo huwa dhamana hata pasipo maandishi. Ni vema kumfuata tajiri huyo na kumwuliza waziwazi. Akisema anadai, deni lake limalizwe mbele ya mashahidi kabla bei haijalipwa, au likatwe katika bei hiyo kwa maandishi.

Vijana watano walikwenda Chole. Fundi aliwaeleza mataruma aliyoyabadili, aina ya mti alioutumia na ubao mmoja ambao alimshauri mzee aubadili lakini fedha haikutosha. Fundi wao alipokwenda kutazama aliukuta ubao huo, nao ulikuwa laini. Walirudi kwa mzee na habari kamili, wakaomba bei ipunguzwe kwa gharama ya ubao, pamba na siku nne za kazi. Mzee alikubali, na hakuna aliyemwona mwenzake mwongo.

Hati ya mauziano iandikwe kwa majina kamili, jina na namba ya chombo, urefu, namba ya injini, bei, kasoro zilizojulikana siku hiyo na tarehe. Mashahidi wa pande zote mbili waweke saini, na nakala moja ibaki ofisi ya kijiji. Vyeti vyote vya zamani vikabidhiwe kwa mnunuzi pamoja na chombo, hata vilivyokwisha muda. Baada ya hapo mabadiliko ya umiliki yapelekwe kwenye mamlaka za usajili bila kuchelewa, maana mpaka yaandikwe, chombo kinatambuliwa kuwa ni cha muuzaji, na kikipata ajali yeye ndiye atakayetafutwa kwanza. Malipo ya serikali yafanywe kwa kumbukumbu namba ya malipo, na stakabadhi itunzwe. Fedha haikabidhiwi mkononi kwa mtumishi yeyote.

Karatasi zikae kwenye chupa pana ya plastiki yenye kifuniko, juu darini, mbali na unyevu na panya. Humo liwekwe pia daftari la shilingi chache, ambamo itaandikwa kila siku chombo kilipopanda pwani, fundi aliyekikalafati, ubao uliobadilishwa na mkaguzi aliyekuja na alichosema. Ukurasa wa kwanza wa daftari la vijana wale unaanza na ubao mmoja wa chini, upande wa kulia, wa tatu kutoka kwenye fashini.